Pothosi yenye majani ya njano, mashina matupu au mizizi iliyooza: dalili na vyanzo vyake

Pothosi, ambayo wauza maua wengi wa kando ya barabara huiita mani planti, ni mmea wa ndani unaotambaa na kuning'inia, wenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yaliyochanganyika na michirizi ya njano au nyeupe. Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum, asili yake ni kisiwa cha Moorea katika Polinesia ya Ufaransa, na ukoo wake ni uleule wa magimbi. Huko porini hupanda juu ya miti kwa mizizi ya hewani, na ikishafika juu majani yake hunenepa na kupasukapasuka pembeni, hata mtu aliyezoea ile ya kwenye chungu huenda asiitambue.

Uvumilivu wa mmea huu ndio unaowaponza watunzaji. Pothosi inaweza kukaa wiki mbili bila maji, katika kona yenye mwanga hafifu, bila kuonja mbolea kwa miezi mingi, na isionyeshe lolote. Dalili zinapojitokeza, chanzo kimeshakuwapo kwa muda, na mtunzaji, kwa kuwa maji ndiyo tiba anayoijua, huchukua kopo na kumwagilia. Katika matukio mengi maji hayo ndiyo yanayoimaliza. Jani la njano, shina lililolegea na ncha ya kahawia vyote vinaweza kuletwa na kiu na vilevile na mafuriko, kwa hiyo jani peke yake si shahidi wa kutosha. Udongo usomwe kwanza, kisha jani, na tiba ibadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Liko pia suala la kupima kama tiba imefanya kazi. Jani lililokwisha kugeuka njano au kuungua kwa kawaida halirudi katika hali yake, na anayelitazama hilo kila asubuhi ataendelea kubadili tiba bila sababu. Jani la kuhukumia ni lile jipya linalofunguka kwenye ncha ya shina baada ya marekebisho. Likitoka na rangi nzuri, bila madoa, na lisiwe dogo kuliko lililotangulia, chanzo kimepatikana. Katika msimu wa joto jani kama hilo huonekana ndani ya wiki mbili au tatu, na katika miezi ya baridi nyanda za juu huchukua muda mrefu zaidi.

Kupima udongo

Chomeka kidole hadi fundo la pili. Kwenye chungu kirefu kidole hakifiki panapohusika, hivyo tumia kijiti cha mshikaki: kizamishe hadi karibu na kitako cha chungu, kiache kwa dakika kumi, kisha kichomoe. Kikitoka kimekolea rangi, kina ubaridi na kimeng'ang'aniwa na chembe za udongo, ndani kungali na maji hata kama juu pameshapauka. Kikitoka kikavu na safi, udongo umekauka kweli. Uzito nao husema: ukizoea kukinyanyua chungu mara baada ya kumwagilia na tena kinapokauka, baada ya muda mfupi hutahitaji kijiti.

Ratiba ya "mara moja kwa wiki" ambayo muuzaji humpa mnunuzi pamoja na chenji haina msingi. Chungu cha plastiki kilichowekwa sebuleni Njombe mwezi Julai huweza kubaki na unyevu kwa wiki mbili na zaidi, ilhali chungu cha udongo kilichopo kwenye baraza Tanga mwezi Februari hukauka kwa siku chache tu. Mwagilia sentimita nne au tano za juu zinapokuwa kavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, na baada ya nusu saa yamwage yaliyosimama kwenye kisahani.

Majani kugeuka njano

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi. Jambo la kwanza la kuangalia ni mahali jani lilipo kwenye shina na idadi ya majani yaliyoathirika kwa pamoja.

Jani moja lililo karibu na udongo, ambalo limezeeka na linageuka njano polepole ilhali ncha ya shina inaendelea kutoa majani mapya, ni jani lililomaliza kazi yake. Mmea hufyonza virutubisho kutoka humo na kuvipeleka mbele. Likate kwenye kikonyo, au liache lianguke lenyewe.

Majani kadhaa yanapogeuka njano katika wiki moja, mengine ya chini na mengine ya katikati, na kijiti kinatoka na unyevu, chanzo kinachotazamiwa ni maji kuzidi. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa. Mizizi hukosa oksijeni, huanza kufa, na vimelea vya kuoza, hasa vya jamii ya Pythium, hupata mlango. Njano ya namna hii huwa laini na yenye maji, na mara nyingi huambatana na madoa ya kahawia iliyokolea karibu na ukingo. Acha kumwagilia, sogeza chungu penye mwanga zaidi na hewa inayopita, kisha angalia kama chungu kina matundu yaliyo wazi. Vyungu vingi vya kauri vinavyouzwa kwa urembo havina tundu hata moja, na hapo hakuna kipimo cha maji kitakachosaidia. Ama toboa tundu, ama uache mmea katika chombo chake cha plastiki chenye matundu na ukitumie kile cha urembo kama ganda la nje tu.

Udongo wa muuzaji nao ni wa kushukiwa. Miche mingi hukuzwa kwenye viriba vilivyojazwa udongo mwekundu wa mfinyanzi au udongo mweusi mzito, kwa sababu ndio ulio karibu na hauna gharama. Kwenye bustani ya miche, ambako jua na upepo ni vingi, udongo huo hukauka upesi, lakini ndani ya nyumba hushikamana na kuwa kama tofali linalobaki na maji katikati. Pothosi iliyonunuliwa ikiwa nzuri kisha ikaanza kugeuka njano baada ya mwezi mmoja au miwili ya utunzaji wa kawaida, mara nyingi ina tatizo hili, na dawa yake ni kubadilishiwa udongo.

Majani ya njano kwenye udongo mkavu kabisa ni habari nyingine. Hapa njano huanzia chini, majani huwa makavu na hujikunja kabla ya kuanguka, na shina hubaki gumu. Maji ya kutosha, yanayotolewa kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu, huzuia mengine yasifuate.

Mmea mzima ukipauka bila jani lolote kuanguka, linganisha upande unaotazama dirisha na upande wa ndani. Upande wa dirisha ukiwa umepauka zaidi, mwanga ni mkali mno. Pande zote zikiwa sawa, na chungu hakijapata mbolea kwa mwaka mmoja au zaidi, huo ni upungufu wa naitrojeni, nao huanzia kwenye majani ya zamani. Mbolea ya NPK 17:17:17 inayouzwa katika maduka ya pembejeo inafaa, mradi iyeyushwe kwenye maji na itumike nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au chini ya hapo, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa. UREA na CAN za shambani ni kali mno kwa chungu kidogo, na samadi mbichi huunguza mizizi.

Njano inayokaa katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, huonyesha kirutubisho kinachokosekana au kisichofyonzwa. Ikianzia kwenye majani mapya, ni madini ya chuma. Sababu yake mara nyingi ni maji magumu yaliyofanya udongo uwe na alkali nyingi, yaani kinyume cha asidi, au mizizi iliyoharibika isiyoweza kufyonza. Chunguza mizizi kwanza, tumia maji ya mvua kwa muda, na ndipo ufikirie mbolea ya majani yenye chuma. Ikianzia kwenye majani ya zamani, ni magnesi, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya haluli katika lita nne za maji, mara moja kwa mwezi, kinatosha.

Mizizi iliyooza

Usikisie kuhusu mizizi ilhali unaweza kuiona. Laza chungu ubavu, shika mashina karibu na udongo, ligongegonge chungu na uvute taratibu. Mzizi mzima wa pothosi ni mweupe au wa rangi ya krimu na ni mgumu, ukiubinya haubonyei. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza, na ukiuvuta ganda lake la nje huchomoka likaacha uzi mwembamba mkononi. Harufu pia haifichiki, kwani udongo wa chungu kilichooza hunuka kama maji ya kuvundikia muhogo.

Osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kata yote iliyolainika kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, na urudi nyuma hadi ufike kwenye tishu nyeupe. Udongo wa zamani usitumiwe tena. Chungu kioshwe kwa sabuni na jiki iliyochanganywa na maji, kisha kikaushwe juani. Chagua chungu kinachotosha mizizi iliyobaki, si kile kilichotosha mizizi ya awali. Mmea uliopoteza nusu ya mizizi ukirudishwa kwenye chungu kikubwa utazungukwa na udongo uliolowa ambao hauwezi kuunywa, na kuoza kutaanza upya. Mtu huhurumia mmea unaougua na kutaka kuupa nafasi, lakini katika hali hii nafasi ni madhara.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za mboji iliyoiva, au udongo mwepesi wa bustani, sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi au pumba za mpunga zilizochomwa, na sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni. Wanaopata pumisi, yaani jiwe jepesi lenye vitundu ambalo katika maeneo ya volkano si shida kulipata, waitumie badala ya mchanga. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa kwa sababu ya chumvi. Vipande vidogo vya mkaa huchanganywa na wengi, navyo husaidia kuuacha udongo uwe wazi.

Kabla ya kuurudisha mmea kwenye chungu, kata ncha mbili au tatu zenye afya na uziweke kwenye maji kando. Kama mizizi iliyobaki haitapona, ncha hizo zitakuwa mmea mpya. Na kama shina lenyewe limelainika pale linapoingia kwenye udongo, usihangaike na chungu: chukua ncha zote zilizo ngumu na kijani, utupe vingine vyote.

Kunyauka

Pothosi huning'iniza majani inapopata kiu, na saa chache baada ya kunyweshwa huyanyanyua tena. Hilo lisimtishe mtu, ingawa kuuacha mmea ufike huko kila mara humaliza majani ya chini. Tatizo ni pale inaponyauka ilhali udongo umelowa. Hapo mizizi haifanyi kazi, na maji ya ziada ni kuiongezea maradhi.

Hali ya tatu inawachanganya wengi: unamwagilia, maji yanatoka chini mara moja, lakini mmea unaendelea kunyauka. Udongo wenye mboji nyingi au vumbi la nazi ukikauka kupita kiasi husinyaa na kujitenga na kuta za chungu, na maji hupita pembeni bila kuingia katikati. Zamisha chungu kizima kwenye ndoo ya maji hadi viputo viache kutoka, kwa kawaida kama nusu saa, kisha kitoe kichuje. Ikiwa hata baada ya hapo kinakauka kwa siku mbili, huenda mizizi imejaa chungu chote na udongo umebaki kidogo. Mizizi inayozunguka kitako au kutokeza kwenye matundu huthibitisha hilo, na chungu kinachofuata kiwe kikubwa kwa sentimita tatu hadi tano tu kwa kipenyo.

Kuna mnyauko mmoja usio na dawa. Mmea ukinyauka upande mmoja, au shina moja baada ya jingine, mizizi ikiwa haijaoza sana, kata kipande cha shina karibu na udongo na kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka mahali palipokatwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa uleule ambao wakulima wa viazi na nyanya wa nyanda za juu huutambua kwa jaribio hilohilo. Pothosi ni miongoni mwa mimea inayoweza kuupata. Mmea uchomwe, na udongo wake usimwagwe karibu na bustani ya mboga.

Ncha na kingo za kahawia

Ncha kavu za kahawia zenye mpaka ulionyooka, bila njano kubwa kuzizunguka, mara nyingi ni chumvi. Wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani wanaotegemea visima virefu wanaijua ladha ya maji hayo. Kwenye chungu maji huondoka na chumvi hubaki, ikajikusanya mwezi hadi mwezi mpaka uonekane ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu cha udongo. Mbolea iliyozidi huacha ukoko wa namna hiyohiyo. Kwangua sentimita moja ya juu, kisha pitisha maji ya mvua, au ya bomba yasiyo na chumvi, kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, polepole, na uyaache yatoke yote. Kukinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, na kuyatumia angalau mara moja kati ya kila mara tatu, huzuia tatizo lisirudi.

Ukoko usipokuwapo, angalia kiyoyozi. Pothosi iliyowekwa kwenye kabati la ofisini, hewa baridi na kavu ikiipiga moja kwa moja kutwa nzima, hukauka kingo hata kama inanyweshwa vizuri. Isogeze. Kuipulizia maji majani, jambo linalopendekezwa mno, unyevu wake huisha baada ya dakika chache na hausaidii kitu.

Mabaka

Baka lililopauka, kavu kama karatasi, lililo upande wa jani unaotazama dirisha, ni jua. Hapa inafaa kukumbuka kwamba maelekezo mengi ya mimea ya ndani yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hutokea upande wa kusini mwaka mzima. Karibu na ikweta hesabu ni nyingine. Nairobi na Dar es Salaam, dirisha la kaskazini hupigwa na jua katikati ya mwaka, la kusini hupigwa kuanzia Oktoba hadi Februari, na yale ya mashariki na magharibi hupata jua mwaka mzima, la kwanza asubuhi na la pili alasiri. Ndiyo maana pothosi iliyostawi vizuri kwenye dirisha la kusini mwezi Julai inaweza kuungua mwezi Desemba bila mtu yeyote kuihamisha. Pazia jepesi linatosha, au kurudisha chungu ndani kwa mita moja au mbili. Jua la asubuhi la dirisha la mashariki huvumilika. La alasiri la magharibi ndilo kali.

Mabaka yaliyokolea weusi, yanayotokea kwa ghafla baada ya usiku wa baridi, hasa kwenye majani yanayogusa kioo, ni baridi. Chini ya nyuzi 15 za Selsiasi ukuaji hupungua sana, na zikikaribia 10 majani huanza kuumia. Usiku wa Julai Nairobi, Limuru au Mbeya hufika huko. Ondoa mmea dirishani usiku na upunguze maji hadi Septemba.

Madoa yenye majimaji, yanayoenea na kuzungukwa na duara la njano, ni ya bakteria au ukungu. Kata majani yote yenye madoa, safisha mkasi kila baada ya jani, tenganisha vyungu ili hewa ipite, na mwagilia udongo badala ya kumwagia majani. Dawa za kupuliza zina kazi ndogo hapa kuliko mkasi.

Mashina marefu matupu na rangi inayopotea

Shina lenye urefu wa mita mbili, majani yakiwa ncha peke yake na nafasi kubwa kati ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) na kifundo, ni mmea unaotafuta mwanga. Majani mapya huwa madogo kuliko ya zamani. Pothosi huvumilia giza, lakini kuvumilia si kustawi, na mahali ambapo mtu hawezi kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa ni hafifu mno hata kwake. Kwa sababu hiyohiyo, aina zenye weupe mwingi, kama ile iitwayo Marble Queen, hutoa majani ya kijani kitupu zikikaa gizani: sehemu nyeupe haina klorofili, na mmea unaobana matumizi huipunguza. Upe mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, na ukate mashina yaliyokwisha kuwa ya kijani hadi kwenye kifundo cha mwisho kilichotoa jani lenye mchanganyiko, kwani yakiachwa yatakua haraka kuliko mengine na kuyafunika.

Mwanga hautarudisha majani kwenye sehemu iliyo tupu. Kata shina sentimita moja juu ya kifundo, ukibakiza vifundo vitatu au vinne kutoka kwenye udongo, na machipukizi yatatokea hapo. Wasiopenda kukata wanaweza kulizungusha shina refu juu ya udongo wa chungu chake na kulibana kwa waya uliokunjwa, kifundo kikigusa udongo. Kitatoa mizizi, kisha chipukizi, na chungu kitajaa tena. Anayetaka majani makubwa badala ya mengi aupe mmea nguzo iliyofungwa makumbi ya nazi na aiweke nyevu, maana pothosi inayopanda hutoa majani makubwa kuliko inayoning'inia.

Wadudu

Sisimizi wanaopanda chungu kwa mstari ni dalili ya kwanza, kwa sababu hufuata utomvu mtamu unaotolewa na vidung'ata au wadudu gamba. Fungua makwapa ya majani. Vidung'ata ni kama vipamba vyeupe vilivyojibanza pale kikonyo kinapokutana na shina. Wadudu gamba ni vinundu vya kahawia visivyotembea, vinavyobanduka ukivikwaruza kwa ukucha. Wafute mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti, kisha pulizia maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, pande zote mbili za jani. Rudia kila baada ya siku saba kwa wiki nne, kwa sababu mayai hayafi kwa mkupuo wa kwanza. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni hiyo yanafaa pia, mradi yapulizwe jioni. Mmea utengwe na mingine tangu siku ya kugunduliwa.

Vidoa vidogo vilivyopauka na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri, ambao hupenda kiangazi na vumbi. Kuosha majani kwa maji ya bomba yenye nguvu huwapunguza sana. Vinzi weusi wanaoruka kutoka kwenye udongo hawali majani, lakini mabuu yao huishi kwenye udongo unyevu wa juu na huweza kutafuna mizizi michanga. Acha tabaka la juu likauke, na uondoe majani ya chai na maganda ya matunda yaliyotupwa chunguni kwa jina la mbolea, kwani ndiyo yanayowalisha. Maziwa na mafuta ya nazi yanayopakwa ili majani yang'ae nayo yaachwe. Huziba matundu ya jani na kukusanya vumbi. Kitambaa chenye maji matupu kinatosha.

Vipandikizi visivyotoa mizizi

Sababu ya kawaida ni kukosa kifundo. Jani na kikonyo chake vikiwekwa kwenye maji hukaa kijani kwa muda mrefu, pengine hata kutoa mizizi michache, lakini shina jipya halitatoka kamwe, kwa sababu chipukizi limo kwenye kifundo, pale palipo na kinundu cha kahawia cha mzizi wa hewani. Kila kipandikizi kiwe na kifundo kimoja au viwili chini ya maji, na jani lisizame. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki moja hadi tatu. Ikifika sentimita tano, hamishia kwenye udongo, kwa kuwa inayokaa majini miezi mingi huupata udongo kwa shida.

Maji yakiwa ya kijani, chupa iko penye mwanga mwingi. Tumia chupa yenye rangi. Maji yanayonuka yabadilishwe na sehemu iliyolainika ikatwe. Kwa vyovyote vile, maji yabadilishwe yote kabla ya wiki kwisha na chupa isuguliwe ndani, kwani mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika vyombo vidogo vya maji safi kama hivyo, na mayai yake hugandama kwenye kuta za chombo.

Yasiyo maradhi, na tahadhari moja

Matone ya maji kwenye ncha za majani asubuhi ni maji ambayo mizizi imeyasukuma usiku kuliko jani lilivyoweza kuyatoa kama mvuke. Yakitokea kila siku, punguza kidogo kumwagilia. Kutotoa maua si kosa la mtunzaji: pothosi ina hitilafu ya kijenetiki inayoizuia kutengeneza homoni ya jiberelini ya kutosha, na kwa hiyo haichanui hata porini, isipokuwa kwa nadra sana.

Utomvu wake una fuwele za oksaleti ya kalsiamu, zilezile zinazowasha mtu anayemenya magimbi mabichi. Mtoto, paka au mbwa anayetafuna jani huwashwa mdomo na koo, hutokwa na mate na pengine kutapika. Asukutuliwe mdomo kwa maji, na uvimbe ukizidi au pumzi ikibana apelekwe hospitali. Mwenye ngozi nyepesi avae glavu anapokata mashina mengi.

Mashina yaliyokatwa yasitupwe kwenye korongo, ukingoni mwa mto wala kwenye kichaka cha jirani. Kila kifundo kinaweza kuwa mmea, na katika nchi za joto pothosi iliyotoroka bustanini, kama ilivyotokea Hawaii na kusini mwa Florida, hupanda miti na kuifunika. Yaanikwe juani juu ya saruji hadi yakauke na kuvunjika, ndipo yaingizwe kwenye shimo la mboji.